Puto, Jicho na Mafuta ya Mungaa

Wiki iliyopita niliingia kwenye duka moja la uchapaji hapa mjini kutoa nakala ya kitambulisho, nikakuta vijana wawili wanabishana mpaka mishipa ya shingo imewatoka. Mmoja anasema programu yake ya kutengenezea picha ndiyo baba lao. Mwenzake anasema hiyo ni ya kutengenezea kadi za kipaimara tu, kazi za maana zinafanywa na ya kwake. Waliponiona wakanyamaza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba wanangu. Endeleeni kugombana, mimi nasikiliza."

Wakacheka, wakadhani natania. Sikuwa natania. Ugomvi ule ninaufahamu vizuri. Uliwahi kunitoa kazini.

Basi nimekaa chini kuwaandikia ninyi mnaoishika kazi hii sasa, mnaoketi mbele ya kioo kutwa nzima mkihamisha nyuso na herufi. Sitawaambia ipi ni bora. Nitawaambia yaliyonipata mimi, halafu mjiamulie.

Jina langu Perpetua. Nilizaliwa Mungaa, kwa wazazi wa jembe na ng'ombe, nikaja Singida mjini nikiwa msichana kutafuta kazi. Nilipata kwa Bwana Kitundu, aliyekuwa na studio ya picha. Alikuwa mpole wa sauti na mgumu wa maamuzi, na ndiye aliyenifundisha kazi. Kabla hamjazaliwa, picha ilisafishwa kwa penseli. Msicheke. Unachukua negativu, unaiweka juu ya kioo chenye taa chini yake. Kwenye negativu kila kitu kimegeuzwa, cheusi ni cheupe na cheupe ni cheusi, kwa hiyo mkunjo wa uso unaonekana kama mstari unaopitisha mwanga. Unachonga penseli mpaka iwe kama sindano, unagusa ule mstari kidogo kidogo, upande usiong'aa. Ukibonyeza sana, mteja anapata doa jeupe usoni kama kapakwa chokaa. Ukigusa vizuri, mama wa miaka sitini anaondoka na miaka hamsini, anakushukuru na hajui anakushukuru kwa nini.

"Usimfanye mtu mwingine," Bwana Kitundu alikuwa akiniambia. "Mfanye yeye mwenyewe, siku aliyolala vizuri."

Neno hilo nimelibeba maisha yangu yote ya kazi. Nilipamba pia picha nyeusi na nyeupe kwa rangi za maji: shavu jekundu kidogo, kanga njano, majani kijani. Nilijua rangi kwa vidole. Shikeni hilo, maana mbele lilinisaidia.

Halafu likaja soko huria. Maduka ya watu binafsi yakafunguka kila kona, mitumba ikajaa, mashine za picha za rangi zikafika mjini. Mtu anapeleka filamu asubuhi, jioni anachukua bahasha yake. Nani tena alitaka picha ya kusafishwa kwa penseli? Nilikaa siku nzima nikifuta vumbi kwenye kamera. Lakini upande mwingine kila mtu alikuwa ameanzisha kitu: huyu kinu cha kukamua alizeti, yule baa, huyu basi la kwenda Arusha, yule kanisa jipya, mwingine chama cha siasa. Wote walihitaji jina, rangi na karatasi. Bwana Kitundu akaliona hilo mapema kuliko wenzake. Alikwenda Dar es Salaam akarudi na kompyuta moja, skana moja na printa moja, vimefungwa kwenye magodoro kama wagonjwa.

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na programu mbili. Majina yake halisi mnayajua, na mimi silipwi kuyatangaza. Sisi tuliziita kwa picha zilizotokea wakati zinafunguka. Moja ilionyesha puto kubwa la kupandia angani, tukaiita Puto. Nyingine ilionyesha jicho, tukaiita Jicho.

Mimi nikaenda kwenye Jicho moja kwa moja, kama mbuzi anavyokwenda kwenye chumvi. Jicho hufanya kazi kwa nukta. Picha yote ni nukta ndogo ndogo zimepangwa kama shanga, na wewe unaweza kugusa moja moja ukaibadilisha rangi. Ilikuwa ni penseli yangu ile ile, ila hii haiishi na ukikosea unarudi nyuma. Siku ya kwanza nilipofuta kovu kwenye shavu la mtu bila kuchonga kitu chochote, nilijikuta nacheka peke yangu.

Puto akaichukua Ramadhani. Rama alikuwa mchoraji wa vibao, kijana wa pale mjini, alikuwa akipaka majina kwenye kuta za maduka na nyuma ya malori, akifanyia kazi zake barazani kwetu. Bwana Kitundu alimwita aingie ndani. Rama aliipenda Puto kwa sababu inachora kwa mistari. Haikumbuki nukta hata moja. Inakumbuka mstari unaanzia wapi, unapinda vipi, unaishia wapi. Ndiyo maana herufi uliyoichora ikiwa ndogo kama ukucha unaweza kuikuza ikajaa ukuta, na ukingo wake ukabaki umenyooka. Kwa mtu aliyezoea kupanda ngazi na kamba ya chaki, hiyo ilikuwa kama miujiza.

Kompyuta moja, watu wawili. Mnaweza kukisia.

"Jicho lako linachosha mashine," Rama alikuwa akisema. "Picha moja tu, kompyuta inahema kama punda wa maji."

"Na Puto yako inageuza watu kuwa vikatuni," nami namjibu.

Wote tulikuwa tunasema kweli, na wote tulikuwa wajinga. Kwaya moja ilikuja kwangu, wanataka bango la kitambaa la kutundika kwenye tamasha. Nilikuwa nimewatengenezea picha ya ganda la kaseti, nzuri kweli kweli, nikaona kwa nini nianze upya? Nikaituma ile ile ikakuzwe. Bango liliporudi, waimbaji wote walikuwa na nyuso za vigae. Shanga zilikuwa zimeachana, kila nukta imekuwa kubwa kama kisanduku cha kiberiti. Kiongozi wa kwaya alisimama mbali, akafumba jicho moja, akasema, "Tukikaa umbali huu tunaonekana." Rama alicheka wiki nzima.

Lakini zamu yake ilikuja. Mgombea mmoja wa udiwani alitaka uso wake kwenye karatasi za kampeni. Rama akakataa kunipa, akasema Puto inaweza. Akaufuatisha uso wa mtu kwa mistari, akaujaza rangi tano bapa. Mgombea alipoletewa aliiangalia, akaigeuza chini juu, akauliza, "Huyu ni mimi, au ni ramani ya wilaya?"

Kwa hiyo vijana, jambo la kwanza: kabla hujafungua programu yoyote, uliza kazi hii itakuwa na ukubwa gani, itachapwa na nani, na itaonwa kutoka umbali gani. Maswali hayo matatu yatakuchagulia programu yenyewe. Sisi hatukuuliza. Tulikuwa tunashindana.

Bwana Kitundu alichoka. Asubuhi moja alitukuta tunavutana kiti, mimi nimeshika mgongo, Rama ameshika mguu. Hakupaza sauti. Alisema, "Biashara hii haiwezi kulisha watu wawili wanaogombania kiti kimoja. Nitabaki na mmoja. Kazi ya maana ikija, kila mtu aifanye kwa njia yake. Mteja atakayemchagua, ndiye."

Tukadhani ni hasira za asubuhi. Hazikuwa.

Siku chache baadaye aliingia shangazi yangu, Shangazi Monika, dada yake baba, na akina mama wawili kutoka Mungaa. Walikuwa na kikundi chao. Walikuwa wamejichanga wakapata mashine ya kukamua alizeti. Aliweka chupa ya mafuta mezani. Mafuta yalikuwa safi, yanaonyesha mpaka upande wa pili.

"Tumepata mwenye duka Dodoma," alisema. "Ameyaonja, ameyapenda. Lakini anasema chupa bila lebo haiwekwi rafu moja na za wengine. Na tusipowahi, nafasi yetu anampa mtu mwingine. Mafuta yapo kwenye madumu, yamejaa nyumbani kwangu mpaka natembea pembeni."

Bwana Kitundu akatutazama, mimi na Rama. "Kazi ndiyo hii," akasema.

Moyoni nilisema, Rama pole. Shangazi Monika alinibeba mgongoni. Nilipougua surua nikiwa mdogo, yeye ndiye aliyekesha nami. Nitashindwaje?

Nilifanya kazi ile kwa nguvu zangu zote, sitajificha. Nilikwenda na kamera mpaka Mungaa, nikapiga picha shamba la alizeti wakati maua yote yametazama upande mmoja, nikawapiga akina mama wenyewe wamesimama mbele ya mashine yao. Nikaziunganisha picha hizo ndani ya Jicho, tabaka juu ya tabaka: shamba nyuma, akina mama katikati, mwanga unatokea kwa juu. Nikaondoa waya wa umeme, nikaondoa mbwa. Kila uso niliusafisha kama alivyonifundisha Bwana Kitundu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya hadi siku ile.

Rama alichora ua moja. Ua moja la njano, petali nene, katikati kahawia, na chini yake jina la mafuta kwa herufi pana za kijani. Nilipoliona nilimwonea huruma.

Shangazi Monika na wenzake walikuja. Tulikuwa tumebandika lebo zetu kwenye chupa mbili. Wakazishika, wakazigeuza. Mmoja wa wale mama alijiona kwenye lebo yangu, akapiga kigelegele pale pale studio. Nikajua yamekwisha.

Shangazi akasema, "Ziweke kule." Akaonyesha rafu iliyokuwa mwisho wa chumba. Rama akaziweka. Shangazi akarudi nyuma mpaka mlangoni, akasimama barazani kabisa, akatazama. Wenzake wakamfuata, nao wakatazama. Wakaanza kuzungumza Kinyaturu kwa sauti ya chini, na mimi nilisikia kila neno, hivyo nilijua kabla sijaambiwa.

Kutoka mlangoni, lebo yangu ilikuwa doa. Nyuso zote nzuri zile zimekuwa vumbi la kahawia. Lebo ya Rama ilikuwa inaita.

Shangazi alinijia, akanishika mkono. "Mwanangu, hii yako ni nzuri mno. Nitaitundika sebuleni. Lakini ile ndiyo ya kuuzia mafuta."

Bwana Kitundu alisubiri wageni wakaondoka, akaniambia nimalize mwezi.

Nilikwenda nyumbani kwangu Utemini kwa miguu, nikipita njia ya mawe ili nisikutane na mtu wa kumsalimia. Nilikuwa na hasira na Rama, na shangazi, na Jicho yenyewe. Lakini nilipokuwa nasonga ugali lilinijia jambo moja na halikuondoka: kama shangazi angechagua yangu kwa sababu ya undugu, mafuta yale yangekaa rafuni Dodoma hayaonekani. Alikuwa sahihi. Hilo liliniuma kuliko kufukuzwa, kwa sababu kwa kufukuzwa ningeweza kumlaumu mtu.

Wiki iliyofuata sampuli ilirudi. Lebo zilikuwa zinachapwa Dar es Salaam, na kiwanda kilituma chache kwa basi tuzikubali kabla hawajachapa zote. Bwana Kitundu alikuwa amekwenda Manyoni kupiga picha za harusi. Rama alifungua bahasha peke yake. Nilikuwa upande wa pili wa meza, nikaona mikono yake imesimama.

Ua lilikuwa na rangi ya udongo. Ile njano iliyokuwa ikiwaka kwenye kioo imekuwa kahawia chafu yenye ukijani, kama mafuta yaliyokaangiwa samaki mara tatu. Mtu akiona lebo ile kwenye chupa ya mafuta, hawezi kununua.

"Wameharibu," Rama alisema. "Kiwanda kimeharibu." Alifungua kompyuta, akatazama ua lake kwenye kioo, linang'aa. Akaweka sampuli pembeni. Akawapigia simu. Wakamwambia mashine yao haina tatizo, wamechapa kilichotumwa, na kama hakuna marekebisho leo basi kazi inawekwa nyuma ya nyingine. Alikata simu, akakaa.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilijua mara tu nilipoiona, kwa sababu niliwahi kupaka rangi za maji kwenye picha. Kioo cha kompyuta ni taa, kinachanganya mwanga. Kiwanda kinachanganya wino: buluu, wekundu wa waridi, njano na nyeusi. Njano haina mzaha. Ukiidondoshea buluu kidogo tu, inakufa. Rama alikuwa amechagua njano kwa macho, kwenye taa, na ilipogeuzwa kuwa wino ilibeba buluu na nyeusi ndani yake bila yeye kujua.

Nawaambia ukweli wa moyo wangu saa ile. Nilinyamaza. Kama ningeendelea kunyamaza, Bwana Kitundu angerudi akute lebo imeharibika, na huenda kiti kingekuwa changu. Nilitazama lebo zile za udongo mezani. Nikayakumbuka madumu nyumbani kwa shangazi, yeye anatembea pembeni.

"Rama," nikasema, "fungua sehemu ya wino. Siyo ya mwanga, ya wino. Soma ndani ya hiyo njano kuna nini."

Akafungua. Buluu ilikuwemo. Nyeusi ilikuwemo.

"Toa buluu yote. Toa nyeusi yote. Njano jaza mpaka mwisho. Wekundu weka kidogo sana, kama chumvi."

"Kwenye kioo inaonekana mbaya."

"Usiangalie kioo. Kioo kinakudanganya. Soma namba."

Akafanya. Akaweka kwenye diski, basi la mchana likaondoka nayo, na akawapigia simu watu wa kiwanda wasubiri, wakakubali. Halafu akanigeukia.

"Kwa nini umeniambia?"

"Mafuta siyo yako. Ni ya Mungaa."

"Lakini wewe ndiye unayeondoka."

"Ndiyo. Kwa hiyo nina haraka. Nifundishe Puto."

Alinitazama kama nimemwomba figo. "Nikufundishe, ukafungue yako mtaa wa pili?"

"Ndiyo," nikasema. "Na mimi nitakufundisha Jicho, wewe ubaki hapa usije ukachora tena ramani za wilaya."

Akacheka. Kicheko chake ndicho kilichofungua mlango.

Siku zilizobaki za mwezi ule nilizitumia zote. Tulipokezana kiti bila kuvutana. Rama alikuwa mwalimu mzuri kuliko alivyokuwa mshindani. Mimi nilikuwa nachora mkunjo kwa kuweka alama nyingi nyingi, kama nilivyozoea nukta, na mstari ukawa na vigongo kama barabara ya masika.

"Usichore," aliniambia. "Piga misumari. Fikiria kamba. Msumari mmoja hapa, mmoja kule, kamba itapinda yenyewe. Misumari michache, mkunjo laini."

Niliharibu, nikafuta, nikaharibu tena. Kichwa kiliniuma mpaka nikaona misumari kwenye ugali. Alinifundisha pia jambo ambalo limeniokoa mara nyingi: kabla hujapeleka kazi kiwandani, zigeuze herufi zako ziwe maumbo. Usipofanya hivyo, na kule hawana mwandiko, yaani aina ya herufi, ulioutumia wewe, kompyuta yao itaweka mwandiko wowote inaoupenda, na jina la mteja litarudi limekuwa jina la mtu mwingine. Nami nikamfundisha kukata mtu kutoka kwenye picha ya kundi bila kumwacha na mkono wa jirani begani.

Lebo zilirudi za njano. Njano kabisa, kama ua lenyewe saa nne asubuhi. Rama alimweleza Bwana Kitundu kila kitu, bila kujipunguzia. "Bila Perpetua tungepoteza kazi," akasema. "Mbakishe."

Bwana Kitundu alisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimesimama pale. Akasema, "Nimefurahi. Lakini nilisema mmoja, na mteja alichagua. Nikibadili neno langu leo, kesho nani ataniamini?"

Sikulia mbele yake. Nilimshukuru kwa kunifundisha penseli, maana ilikuwa stahili yake, nikatoka.

Utemini kulikuwa na Mama Neema, mwenye chumba cha kuchapa barua na kutoa nakala. Alikuwa na kompyuta yake. Mchana ilikuwa inalala kwa sababu watu wa barua walikuja asubuhi. Nilimwendea, nikamwambia nitakaa kwenye mashine yake mchana, nitatengeneza kadi na lebo, na tutagawana kitakachopatikana. Akaniuliza kama najua kutengeneza kadi za harusi. Nikamwambia najua kutengeneza chochote. Hiyo haikuwa kweli bado, lakini nilikuwa nimeshaamua iwe kweli.

Miezi ile ya kwanza umeme ulinifundisha adabu. Unakatika hujahifadhi, kazi yote imekwenda. Nilijizoeza kuhifadhi kila nikivuta pumzi, na mpaka leo vidole vyangu vinafanya hivyo hata nikiwa nimeshika sahani. Wateja walikuja mmoja mmoja. Nikawa naanza na swali la umbali: utaiona ukiwa wapi? Mwenye ratiba ya mazishi ataishika mkononi, huyo uso wa marehemu nausafisha kwa Jicho. Mwenye kibao cha hoteli, kibao chake kitasomwa na dereva wa lori, huyo ni Puto, herufi nene, maneno machache. Na mara nyingi ni zote mbili: uso unatoka kwenye Jicho, unaingia Puto, herufi zinazunguka. Siku hizi mna programu inayojifanya yote kwa pamoja, na simu ya mkononi inayosafisha uso kabla hujaombwa. Sawa. Lakini nukta bado ni nukta na mstari bado ni mstari, na wino haujabadili tabia.

Siku moja Shangazi Monika alitokea mlangoni kwa Mama Neema. Nilikuwa sijakwenda Mungaa tangu siku ile. Nilikuwa nimemnunia, sisi tunaita kununa, wazungu wana majina mengine. Nikasimama, "Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekonda." Akaketi bila kukaribishwa. "Mwenye duka anataka chupa ndogo. Lebo ile haitoshi, lazima itengenezwe nyingine."

"Rama yupo kule studio."

"Najua alipo. Nimekuja hapa." Akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja upya. "Siku ile nilikunyima kwa sababu haikufaa. Leo nakuja kwa sababu nataka inayofaa. Usipoiweza niambie niende kwa mwingine."

Nilimwambia kaa hapo hapo. Nilichora ua kwa Puto, misumari michache, nikifuatisha picha niliyopiga mwenyewe shambani kwao. Nilichapa, nikabandika kwenye chupa, nikaiweka dirishani, nikatoka naye mpaka ng'ambo ya barabara. Tukasimama sisi wawili, jua limetupiga, lori linapiga honi tuondoke.

"Inaita," akasema shangazi.

Lebo hiyo ilileta ya asali kutoka Itigi, na ya asali ikaleta ya unga wa lishe. Mama Neema akanunua mashine ya pili. Rama naye alibaki studio, na mteja mwenye kazi ya sura akija kwake alikuwa anamwambia, "Hii peleka Utemini." Nami wenye vibao vikubwa vya ukutani, vya kupandia ngazi, nilimpelekea yeye. Hatukuandikiana mkataba. Tulifanya hivyo mpaka wote tulipostaafu, na wake zake na mimi tunatembeleana hadi leo.

Bwana Kitundu sikumwona muda mrefu. Halafu asubuhi moja chumba kikiwa kimejaa watu, aliingia. Alikuwa amezeeka, bega moja limeshuka. Alikuwa ameshika bahasha kwa mikono miwili. Mama yake mzazi alikuwa amefariki, na picha pekee aliyokuwa nayo ilikuwa imeliwa na mchwa kuanzia kona mpaka kwenye shavu. Rama alikuwa amemwambia, "Hii mimi nitaiharibu. Nenda kwa Perpetua."

Tuliamkiana. Nilimwambia akae kwenye benchi, kulikuwa na watu watatu mbele yake. Akakaa. Hakulalamika.

Zamu yake ilipofika nilimweka kiti karibu na kioo, nikaanza. Shavu lililobaki nililigeuza likaziba lililoliwa, lakini shavu la kulia siyo la kushoto, kwa hiyo nililipinda, nikalitia kivuli chake. Nilimuuliza maswali: alikuwa anasuka nywele au anafunga kilemba? Alikuwa na pengo? Akanijibu kila swali, sauti ikipungua. Sikumpunguzia miaka yule bibi. Mikunjo yote niliiacha. Ilipotoka kwenye printa niliikata kingo, nikampa.

Aliitazama kwa muda mrefu.

"Ndiye," akasema. Akaiingiza kwenye bahasha, akasimama, akatembea mpaka mlangoni, kisha akarudi. Akainama karibu na meza ili wengine wasisikie.

"Perpetua. Nimenunua kompyuta nyingine. Viti vipo viwili sasa. Jumatatu utakuja?"

Nilimtazama mwalimu wangu. Sikuwa na hasira naye tena, na hilo lilinishangaza mimi mwenyewe.

"Bwana Kitundu," nikamwambia, "Jumatatu nafungua hapa saa mbili."